Wasomaji Wanauliza: Mwanafunzi wa Fildi na Jalada la Mtu

Likizo ndefu ya vyuo imefika, na barua nyingi tulizopokea zinatoka kwa wanafunzi waliopangiwa mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi, katika mahakama, magereza na ofisi za ustawi wa jamii. Nimechagua tano. Nimezijibu kama mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wa aina hiyo, na ambaye baadaye, kwa miaka mingi, alikuwa msimamizi wa wanafunzi wa aina hiyo.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya ustawi wa jamii. Nimepangiwa wiki nane katika ofisi ya ustawi ya manispaa, kwenye kitengo cha watoto wanaokinzana na sheria. Hii ni wiki ya tatu, na kazi yangu imekuwa kupanga majalada, kuandikisha wageni na kumfuata msimamizi wangu mahakamani nikiwa nimembebea mafaili. Sijaruhusiwa kuzungumza na mtoto hata mmoja peke yangu. Wenzangu waliopangiwa kwingine wanasema wameshaandika taarifa za uchunguzi. Je, huku ni kujifunza au ninatumika tu?
*Binti wa fildi, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na maneno yako mawili, "peke yangu", kwa sababu humo ndimo lilimo jibu.

Umeshaona mwenyewe jinsi Mahakama ya Watoto inavyokaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka shauri la mtoto lisikilizwe faragha, mzazi au mlezi awepo, na afisa ustawi wa jamii awepo pia. Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Kwa hiyo hakimu hubaki na njia nyingine, kama vile kumwachia mtoto kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kuamuru ilipwe faini au fidia, au kumpeleka shule ya maadilisho, yaani ya bweni ya kurekebisha watoto waliotiwa hatiani, ambayo kwetu ni ile ya Irambo, mkoani Mbeya. Sasa mfikirie mtoto wa Mbagala aliyekutwa na simu ya mtu. Baina ya kurudi nyumbani kwa mama yake jioni ileile na kwenda kuishi Mbeya, mbali na kila anayemfahamu, kuna karatasi tatu au nne zilizoandikwa na afisa aliyefunga safari hadi nyumbani kwao, akaketi kwenye mkeka wao na kuuliza maswali. Hakimu hana nafasi ya kwenda Mbagala, kwa hiyo anaitegemea taarifa hiyo. Ndiyo maana msimamizi wako hajakukabidhi mtoto ukae naye peke yako katika wiki hizi za kwanza, na mimi nisingekukabidhi.

Nitakueleza jambo lililonipata nikiwa katika umri wako. Nilikuwa fildi katika ofisi moja ya mkoani, na msimamizi wangu alikuwa ametoka kidogo. Akaingia bibi mmoja kuulizia habari za mjukuu wake aliyekuwa mahabusu. Nilikuwa nimelisoma jalada na kuiona tarehe ya shauri. Nilikuwa nimemsikia pia msimamizi wangu akisema kwamba kesi ile ni nyepesi. Nikamwambia bibi, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba Alhamisi mjukuu wake angerudi nyumbani. Alhamisi shauri liliahirishwa. Bibi alikuwa amekopa nauli, amepika wali, na amekuja na shati safi la kijana ndani ya mfuko wa rambo. Msimamizi wangu hakunigombeza. Alinichukua tukaenda pamoja nyumbani kwa yule bibi, akaniacha nimweleze mimi mwenyewe kwamba nilisema nisilolijua. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia ndugu wa mshtakiwa neno lolote kuhusu uamuzi ambao haujatolewa.

Lakini hofu yako haikutoka hewani. Wapo wanafunzi wanaotumika kweli, wanaomaliza wiki nane wakinunua vocha na kuchemsha chai, kisha wakagongewa muhuri. Kinachotofautisha kazi ya kujifunza na kazi ya kutumwa ni kama kuna mtu anayekuuliza umeona nini. Kupanga majalada ni kazi yenye mafunzo mengi endapo utaruhusiwa kuyasoma na ukaulizwa ulichosoma.

Chukua jalada moja na uangalie tarehe tu. Mtoto alikamatwa lini, na alifikishwa mahakamani lini? Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo. Afisa alikwenda nyumbani lini, na taarifa ilimfikia hakimu lini? Ziandike tarehe hizo kwa mpangilio na utaona mahali ambapo mtoto alikuwa akisubiri bila mtu yeyote kumshughulikia.

Kisha angalia umri. Hili ni jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka, nami naliona kubwa kuliko yote. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kabisa kuwajibika kwa kosa la jinai, na aliye chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alilotenda ni baya. Kwa hiyo tarakimu moja iliyoandikwa kituoni usiku, na askari aliyemtazama kijana mrefu akamkadiria miaka 19, inaweza kumpeleka mtoto wa miaka 16 kwenye mahakama ya watu wazima na kwenye mahabusu ya watu wazima. Uliza umri ulioandikwa kwenye jalada umetoka wapi. Je, upo kwenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki au rejista ya shule, au ni wa kukadiriwa kwa macho? Ukiona jalada ambalo halina jibu, mpelekee msimamizi wako siku hiyohiyo. Hapo utakuwa umefanya kazi ya afisa kamili ukiwa bado ni mwanafunzi.

Jambo la mwisho kwako ni hili. Nenda kwa msimamizi wako asubuhi, kabla foleni ya watu haijaanza, umwambie: "Mama, naomba twende wote ukitembelea nyumba ya mtoto huyu. Wewe andika taarifa yako, nami niandike rasimu yangu kwa kujifunza, halafu unioneshe nilipokosea." Ni nadra kukutana na afisa atakayekataa ombi la namna hiyo. Rasimu yako haitakwenda mahakamani, itakwenda kwenye kalamu yake nyekundu. Utakuwa umeandika, kwa mfano, "Mtoto ni mtukutu na mama yake hajali malezi," naye atakata mstari na kukuuliza umejuaje. Utarudi kwenye daftari lako na kukuta ulichokiona hasa, kwamba mwalimu wa darasa alikuonesha rejista ambamo mtoto hakuhudhuria siku 11 katika muhula, na kwamba mama huondoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kuuza vitumbua stendi, na mtoto hubaki na wadogo zake wawili. Hayo ndiyo ya kuandika. Hakimu atakayesoma sentensi ya kwanza atamwona mtoto mkorofi. Akisoma ya pili atamwona mtoto anayekosa shule kwa sababu analea, na huenda akafikia uamuzi tofauti kabisa. Hakuna darasa litakalokufundisha hilo kwa uzito ule ule, kwa sababu darasani mtoto huyo hayupo.

Kuhusu wenzako wanaoandika taarifa katika wiki ya tatu, waulize nani anazisoma kabla hazijatumwa.

Swali: Nasomea sheria, na niko fildi katika mahakama ya wilaya mkoani Mwanza. Nilitarajia kuona mawakili wakibishana na mashahidi wakihojiwa, lakini mwezi mzima nimeona kesi zikitajwa na kuahirishwa. Nitaandika nini kwenye ripoti yangu?
*Mwanasheria mtarajiwa*

Jibu: Andika juu ya kuahirishwa kwenyewe, kijana wangu. Umepewa mada iliyoisumbua nchi nzima, nawe unaitafuta nyingine.

Sentensi ya "upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine" umeisikia mpaka umeizoea, na hatari iko hapo hapo, katika kuizoea. Mwaka 2022 sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ilirekebishwa ili mashtaka yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Mwaka uliofuata, Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizunguka nchini kuangalia taasisi za haki jinai, na ikakabidhi ripoti yake Julai 2023. Kwa hiyo kesi inapoahirishwa mbele yako, una vitu vya kutazama. Shtaka ni la aina gani? Je, linaangukia katika makosa yanayoruhusiwa kufunguliwa mapema? Mshtakiwa yuko nje kwa dhamana au analetwa kutoka mahabusu? Kama dhamana iko wazi, kwa nini hajatoka? Mara nyingi utakuta sababu ni barua ya serikali ya mtaa ambayo mdhamini hakuja nayo, au ndugu hawakujua kwamba inahitajika.

Si kila ahirisho linatokana na upelelezi. Shahidi anaweza kuwa daktari aliyehamishiwa wilaya nyingine, na kielelezo kinaweza kuwa bado kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Siku nyingine hakimu ana udhuru. Mwombe karani, kwa adabu na kwa idhini ya hakimu mfawidhi, yaani kiongozi wa mahakama hiyo, akuruhusu kuifuatilia kesi moja iliyokwisha, uandike kila tarehe na sababu iliyotolewa siku hiyo. Ukimaliza, mpelekee msimamizi wako umuulize ni ahirisho lipi lingeweza kuepukika, na nani angeliepusha. Maelezo yake ndiyo ripoti yako. Tena una bahati ambayo sisi wa zamani hatukuwa nayo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo unaweza kulinganisha alichosema shahidi na kilichoandikwa bila kwanza kukipitisha katika lugha nyingine.

Swali: Binti yangu anasomea stadi za jamii na amepangiwa gereza kwa ajili ya mafunzo. Mama yake halali usingizi. Je, ni salama, na kuna nini cha kujifunza mahali pale?
*Baba, Morogoro*

Jibu: Mzee wangu, hofu ya mzazi ni haki yake. Binti yako atapokelewa na Mkuu wa Gereza au afisa aliyeteuliwa naye, naye hatakwenda mahali popote ndani bila kusindikizwa na askari. Wafungwa wanawake hutengwa na wanaume, na kwa kawaida mwanafunzi wa kike hupangiwa upande wa wanawake au ofisi ya ustawi. Mwambie simu aiache getini, avae mavazi ya heshima, na asipokee ujumbe, barua wala kitu chochote cha kumpelekea mtu nje, hata kikiwa namba ya simu iliyoandikwa kiganjani. Akiombwa, amjulishe msimamizi wake.

Cha kujifunza kipo kingi. Atakutana na akina mama waliofungwa wakiwa na watoto wachanga, na watu waliobakiza wiki mbili kutoka ambao hawajui watalala wapi siku ya kwanza. Mwache aende, na jioni msikilize. Asimtaje mtu kwa jina hata nyumbani, lakini anaweza kukueleza jinsi alivyojisikia. Atahitaji mtu wa kumsikiliza, kwa sababu kazi hii humkalia mtu kifuani.

Swali: Niko fildi mahakamani. Shemeji wa mshtakiwa alinifuata kibandani nikinywa chai, akanipa shilingi 10,000 "ya soda" na kuniomba nimwangalizie tu kama jalada limeshapelekwa kwa hakimu. Nilizipokea kwa aibu, kwa kuwa ni mtu mzima. Sijafanya lolote. Nifanye nini?
*Mwenye wasiwasi, Arusha*

Jibu: Mdogo wangu, umefanya vyema kuandika. Leo hii, usingoje kesho, mweleze msimamizi wako jambo lote kama ulivyonieleza mimi, na fedha zirudishwe yeye akiwepo au kwa namna atakayoelekeza. Usizirudishe kimyakimya ukiwa peke yako, maana hapo hakutakuwa na shahidi kwamba zilirudi, na yule shemeji anaweza kusema kesho kwamba kijana wa mahakama alikula hela yake.

Najua ilivyo vigumu kukataa mkono wa mtu mzima, na katika malezi yetu kukataa ni kumfedhehesha. Lakini yeye hakuja kwako kwa kuwa anakupenda. Alikuja kwa sababu umetoka kwenye mlango ule, na kwake kila anayetoka pale ni mahakama. Rushwa ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2007 inayosimamiwa na TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na kuitwa ya soda hakuibadilishi. Siku nyingine mwambie: "Shikamoo, mzee. Mimi ni mwanafunzi, siruhusiwi kupokea wala kueleza habari za jalada. Tafadhali muulize karani dirishani." Sentensi hiyo ina heshima, nayo inampa anachotafuta, kwa kuwa hali ya shauri la ndugu yake ni jambo ambalo ana haki ya kuliuliza dirishani bila kulipa chochote. Huenda hakulijua hilo, na hilo nalo ni jambo la kuzungumza na msimamizi wako.

Jambo hilohilo lina ndugu yake. Ukimkuta mshtakiwa ni jirani yenu, mliyesoma naye au mtu wa ukoo, sema kabla hujafungua jalada, upangiwe jingine.

Swali: Mimi ni afisa uangalizi, ninayesimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Mwaka huu nimepokea wanafunzi sita kwa mpigo, wakati kazi zangu hazijapungua hata moja. Wengi wanakuja na fomu wakitaka nisaini. Naomba ushauri, nitawasimamiaje bila kuacha kazi ya serikali?
*Afisa, Nyanda za Juu Kusini*

Jibu: Ndugu Afisa, barua yako imenigusa kuliko zote, kwa sababu mambo mengi wanayolalamikia wanafunzi hapo juu huanzia kwenye meza iliyolemewa kama yako. Vyuo hutuma vijana, lakini havitumi saa za ziada.

Wanafunzi sita ni wengi. Kama unaweza kukataa watatu, wakatae na uwaandikie vyuo sababu. Kama huwezi, usiwagawie kazi sita tofauti, bali wape kazi moja. Kwa mfano, chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, mahakama inaweza kumpa kazi ya jamii bila malipo, badala ya kwenda gerezani, mtu ambaye kosa lake lina kifungo kisichozidi miaka 3, naye mwenyewe akiwa ameridhia. Kabla ya amri hiyo, hakimu huhitaji kujua habari za mtu huyo: anaishi wapi, anategemewa na nani, na jamii yake inamwonaje. Wapeleke wanafunzi wawili wawili pamoja nawe katika ziara moja tu. Kila mmoja aandike alichokiona bila kuonesha mwenzake, kisha uketi nao wote Ijumaa kwa saa moja. Utashangaa. Mmoja ataandika kwamba mwenyekiti wa mtaa alimsifu mtu yule, mwingine kwamba alimlalamikia, na wote walikuwa wamesimama uwanja mmoja. Hapo ndipo utakapowafundisha kuuliza tena, kutenganisha walichosikia na walichodhani, na kurudi kuhakiki. Saa hiyo moja itakusaidia na wewe, kwa kuwa utakuwa na macho zaidi ya mawili kwenye taarifa utakayoisaini kwa jina lako.

Usisaini fomu ya kazi usiyoiona. Najua wanalalamika, na wengine wana tarehe ya mwisho ya chuo. Lakini sahihi yako ndiyo itakayomfanya mwajiri wa kesho aamini kwamba kijana huyu ameshasimamiwa, na yuko mtu, ambaye wewe wala yeye hamjamfahamu bado, atakayekuja kuketi mbele yake akisubiri aandikwe. Mwanafunzi aliyefanya vibaya mwite mapema, katika wiki ya tatu na si ya nane, umwambie waziwazi kinachopungua na kile unachotaka kukiona kabla hajaondoka.

Kisha wiki ya mwisho izungumzie ripoti wanazopeleka vyuoni, kwani hapo ndipo nimeona uzembe mwingi. Kuondoa jina hakutoshi. "Mtoto wa mchungaji wa kijiji fulani aliyeshtakiwa kwa kuchoma ghala" anajulikana na kila mtu wa kijiji hicho, hata kama hakutajwa. Badilisheni kijiji, kazi ya mzazi na kitu kilichochomwa, au wekeni mambo kwa ujumla, kwa kuwa taarifa hizo zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha za majalada zilizopigwa kwa simu zifutwe mbele yako. Nakala za karatasi zirudishwe, na daftari lenye majina libaki ofisini kwako, kwenye kabati lenye kufuli.